Bei ya Herufi

Kila Novemba, mvua ikianza kuinyemelea Tabora,
mweka hazina huniletea kombe kibandani,
nyuma ya wauza asali, limeviringishwa kitenge cha mkewe
kama mtoto anayepelekwa kliniki.
"Fundi," husema, "jina la mwaka huu fupi, Mungu katuhurumia."
Maana nalipwa kwa herufi.
Mia tano kila moja. Nafasi kati ya majina, bure.

Ni kombe la mpira wa Bruda.
Si ule wa redioni.
Huu alituachia Bruda mmoja wa Ayalandi
aliyetufundisha hesabu kwa fimbo na huu kwa filimbi:
kumi na watano kwa kumi na watano,
mpira unadakwa, unakimbizwa hatua nne,
unaguswa kwa ncha ya kiatu, unarudi mkononi
kama mbwa aliyeitwa.
Ukipita juu ya mwamba, pointi moja. Chini, wavuni, tatu.
Wapita njia wa Cheyo bado husimamisha baiskeli:
hawa wanacheza, au wanagombana?

Na kila mwaka mmoja tu huitwa bora.

Nimewachonga wote.
Mihambo Kasele, aliyeruka kama aliyekanyaga siafu.
Zuberi Lugendo, siku hizi yuko Urambo na tumbaku yake,
ukimtajia mpira anakuuliza bei ya mbolea.
Marehemu Pius Msonge: nilikosea, nikaanza na B,
nikaligongagonga tumbo la chini mpaka likafukika.
Mjane wake huja kila sherehe.
Haligusi jina. Hugusa kovu lile.

Mimi nilicheza namba tatu, nyuma, miaka kumi na mmoja,
mchana uwanjani, usiku nikichonga wenzangu.
Namba tatu hachongwi.
Kazi yake ni kuzuia jambo lisitokee,
na jambo lisilotokea halina shahidi.
Mara moja, tukicheza na vijana wa Reli,
niliudaka juu ya vichwa vinne,
nikashuka nao, bega likateguka, sikuuachia.
Ubao wa matangazo ukaandika: Mlango ulifungwa.
Haukuandika nani aliufunga.

Mwaka huu mweka hazina hakucheka.
Alinipa karatasi ya daftari, imekunjwa mara nne:
Lusangija Nkwabi Masanilo.
"Andika tu L. Nkwabi, fundi. Nina elfu nne."
Nikahesabu kwa macho. Ishirini na tatu.
Nikauliza, anacheza wapi huyu?
"Nyuma. Namba tatu."

Sikusema kitu.
Nikaligeuza kombe, kama kawaida,
nikajaribu patasi chini ya kitako, pasipotazamwa.
Pana vikwaruzo thelathini na kimoja pale.
Msije mkadhani ni jina la mtu.
Ni mahali pa kujaribia chuma.

Elfu nne ililipa mpaka herufi ya nane.
Kuanzia ya tisa, ile A inayomfunga Lusangija,
nikachonga kwa hesabu yangu.
Mvua ikapiga bati. Nikachonga.
Taa ya Tanesko ikaenda zake. Nikawasha simu, nikaing'ata,
nikachonga.

Jumamosi asubuhi kijana akaja mwenyewe,
vidole viwili vimefungwa plasta, vumbi la tofali kwenye kope.
Akalifuata jina kwa kidole gumba, polepole,
kama mtu anayetafuta swichi gizani.
"Lote hili langu?"
Lote.
"Mbona la babu limebanwa?"
Kombe la mviringo, nikamwambia. Limezunguka
mpaka likamgonga Pius begani.
Akainama tena. Akakuta ile P, akaipapasa.
"Hapa palikuwa na nini?"

Nikamsogezea kigoda.
Chai ilikuwa bado ya moto.